Lipesi ya Kongosho Inakata Nini Hasa? Mwongozo Kamili wa Kubaini Kazi ya Kimeng'enya cha Mafuta

Ukimuuliza mwanafunzi lipesi ya kongosho inafanya nini, atakujibu mara moja: inameng'enya mafuta. Si uongo, ila hapo bado hajataja kitu ambacho mtu anaweza kukipima. Nyongo nayo husaidia kumeng'enya mafuta. Tumbo nalo huyasukasuka. Kazi ya kibiokemia ya kimeng'enya hujulikana pale unapoweza kusema ni kifungo gani kinakatwa, kiko sehemu gani ya molekuli, kinakatwa katika mazingira gani, na baada ya kukatwa kinabaki nini.

Mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi, unapita kwenye kompyuta, kisha unaingia maabara. Nimewalenga wanafunzi wa kidato cha 5 na 6, wale wa mwaka wa kwanza chuoni, na walimu ambao maabara zao zina vifaa vichache. Hatua ya maziwa ndiyo nimeichambua zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanywa na wengi na ndiyo inayowapotosha wengi.

Hatua ya 1: Andika dai lako kabla ya kugusa kitu

Chukua kalamu uandike sentensi nzima, kwa mfano hii: "Lipesi ya kongosho ya binadamu hutumia maji kukata vifungo vya esta vya nafasi ya 1 na ya 3 katika trigliseridi, kwenye uso wa tone la mafuta, ikiachia asidi mbili za mafuta na monogliseridi moja."

Trigliseridi ni mafuta ya kawaida tunayokula: ya alizeti, ya nazi, samli, mafuta ya nyama. Ni gliseroli yenye kaboni tatu, na kila kaboni imeshika asidi moja ya mafuta kwa kifungo cha esta. Kaboni za pembeni ndizo nafasi ya 1 na ya 3. Ya katikati ni nafasi ya 2. Lipesi hii hukata za pembeni. Ya katikati huachwa imeshikamana na gliseroli, na kitu hicho kinachobaki ndicho monogliseridi.

Vitabu vingi vya sekondari huandika kwamba mazao ni "asidi za mafuta na gliseroli". Kama mtahini wako anataka gliseroli, mpe gliseroli. Lakini ujue kwamba gliseroli tupu hapa ni zao dogo: hupatikana zaidi pale asidi ya katikati inapohama yenyewe polepole kwenda pembeni, kisha ikakatwa huko.

Sasa ikatekate sentensi yako vipande: maji, esta, nafasi, uso wa tone, mazao. Kila hatua inayofuata inajaribu kipande kimoja au viwili. Usiruhusu kipande chochote kipite kwa heshima ya kitabu.

Hatua ya 2: Soma namba ya kimeng'enya

Kila aina ya kazi ya vimeng'enya imepewa namba ya kimataifa inayoanza na herufi EC. Ya lipesi hii ni EC 3.1.1.3. Isome kuanzia kushoto kama unavyosoma anwani: nchi, mkoa, mtaa, nyumba. Namba 3 ya mwanzo ni kundi la vimeng'enya vinavyokata kwa kutumia maji. 3.1 ni vile vinavyokata esta. 3.1.1 ni esta za asidi za kaboksili. Namba 3 ya mwisho ni ile inayotenda juu ya triasilgliseroli, jina jingine la trigliseridi.

Linganisha na fosfolipesi A2, ambayo nayo hutoka kwenye kongosho na hukata mafuta ya utando wa seli. Yake ni EC 3.1.1.4. Wametofautiana nyumba tu, mtaa ni mmoja. Ukiona wanafunzi wanazichanganya, waonyeshe namba hizi mbili.

Namba haikupi ushahidi. Inakupa hitimisho la watu waliokutangulia, na inakuonyesha ni kitu gani unapaswa kukitafuta.

Hatua ya 3: Tazama mnyororo wa amino asidi

Fungua hifadhi ya UniProt kwenye intaneti, ni bure, utafute P16233. Hiyo ni lipesi ya kongosho ya binadamu. Jeni lake linaitwa PNLIP, na liko kwenye kromosomu ya 10. Mnyororo unaotengenezwa una amino asidi 465. Kipande cha kwanza cha amino asidi 16 ni ishara ya kuitoa protini nje ya seli, nacho hukatwa. Zinabaki 449.

Kila herufi humo ni amino asidi moja. Tafuta kwa macho herufi hizi tano zilizofuatana: GHSLG. Herufi ya S hapo katikati ni serini, nayo ndiyo inayoshambulia kifungo cha esta. Mpangilio wa glisini, amino asidi yoyote, serini, amino asidi yoyote, glisini unarudiwa katika lipesi na esterasi nyingi.

Jihadhari na namba. Makala za muundo huita serini hiyo namba 152, na wenzake wawili wanaoshirikiana nayo ni asidi aspatiki 176 na histidini 263. Ukihesabu mnyororo mzima pamoja na kile kipande cha ishara, namba zote zinasogea mbele. Wanafunzi hudhani wamekosea, kumbe wamehesabu kutoka mahali tofauti.

Hapa kuna mtego mkubwa zaidi. Binadamu ana protini nyingine ya kongosho iitwayo PNLIPRP1, inayofanana sana na hii kwa mnyororo, na serini, aspatiki na histidini zake zipo. Hata hivyo ikipimwa maabara karibu haikati trigliseridi kabisa. Ndugu yake wa pili, PNLIPRP2, hukata pia mafuta yenye sukari yanayopatikana kwenye majani ya mimea. Kwa hiyo kufanana kwa mnyororo ni dalili ya kufuatilia. Mtu anayesimama hapa na kutangaza kwamba amebaini kazi amekosea, hata kama kompyuta imemwonyesha ufanano mkubwa.

Hatua ya 4: Tazama umbo lake

Umbo la lipesi ya kongosho ya binadamu lilichapishwa mwaka 1990. Protini ina sehemu mbili. Sehemu kubwa, kuanzia amino asidi ya 1 hadi ya 336, ndiyo inayobeba mahali pa kukatia. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayoshikwa na protini msaidizi iitwayo kolipesi.

Kilichowashangaza watafiti ni kwamba mahali pa kukatia palikuwa pamefunikwa. Kipande cha mnyororo, kuanzia amino asidi ya 237 hadi ya 261, kimelala juu yake kama kawa juu ya chungu. Hii ilieleza jambo lililokuwa limeonekana maabara tangu mwaka 1958: lipesi ikipewa esta iliyoyeyuka vizuri majini hufanya kazi kidogo sana, lakini esta hiyo hiyo ikizidi hadi kujikusanya vitone, kasi hupanda ghafla.

Pakua faili la 1LPB kutoka hifadhi ya maumbo ya protini, PDB. Humo lipesi ya binadamu imeshikana na kolipesi ya nguruwe, na kifuniko kimefunguka. Zungusha picha. Utaona kifuniko kilichofunguka kimegeuza juu upande usiopenda maji, nao pamoja na kolipesi wametengeneza uso mpana unaoweza kukaa juu ya tone la mafuta. Hapo kipande cha "uso wa tone" katika dai lako kimepata mguu wa kusimamia.

Na usidanganywe na wale watatu peke yao. Serini, histidini na aspatiki hupatikana pia katika tripsini, ambayo hukata protini. Vifaa ni vilevile, kazi ni nyingine. Ndiyo maana lazima tuingie maabara.

Hatua ya 5: Maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi

Wazo lenyewe ni jepesi. Lipesi ikikata esta, asidi za mafuta zinaachiwa, na mchanganyiko unazidi kuwa na asidi. Kiashiria cha fenofthalini kina rangi ya waridi kwenye alkali, na hupoteza rangi pH inaposhuka chini ya takribani 8.3. Unapima muda wa rangi kupotea.

Andaa vitu hivi:
- maziwa freshi yenye mafuta yote, na maziwa yaliyoondolewa mafuta
- sodiamu kaboneti 0.05 M (gramu 5.3 za unga mkavu kwa lita 1 ya maji)
- fenofthalini
- mchanganyiko wa lipesi wa asilimia 5
- nyongo ya ng'ombe kutoka machinjioni, au chumvi za nyongo za maabara
- neli za majaribio, sirinji, kipimajoto, saa, na bika kubwa la maji ya 37 °C

Usitumie maziwa yaliyoanza kuchacha. Yameshakuwa na asidi, na rangi itapotea kabla lipesi haijafika.

Tia matone 5 ya fenofthalini kwenye neli, kisha maziwa 5 cm³, kisha sodiamu kaboneti 7 cm³. Yatakuwa ya waridi. Weka neli kwenye maji ya 37 °C, na lipesi uiweke humo humo ikiwa kwenye neli yake. Vikishapata joto moja, tia lipesi 1 cm³, koroga, anza saa. Fenofthalini huyeyushwa kwenye ethanoli, basi ondoa moto wote karibu. Unga wa kimeng'enya usiuvute puani, huamsha mzio.

Sasa neli za kulinganisha, ambazo ndizo ushahidi wenyewe. Neli ya pili ipate lipesi iliyochemshwa dakika 10 kisha ikapozwa. Ya tatu ipate maji badala ya lipesi. Ya nne ipate lipesi hai, ila maziwa yawe yasiyo na mafuta. Ya tano ipate lipesi pamoja na nyongo 1 cm³, na ya sita ipate nyongo bila lipesi. Zile ambazo hazikupata nyongo ziongezewe maji kiasi hicho hicho, ili ujazo uwe sawa.

Neli ya nne ndiyo watu wengi huiacha, nami nawaomba walimu wasiiache. Lipesi tunayopata shuleni mara nyingi ni unga wa pankreatini, yaani kongosho la nguruwe lililokaushwa, na ndani yake kuna pia tripsini na amilesi, kimeng'enya cha wanga. Tripsini ikikata protini za maziwa nayo hushusha pH. Kwa hiyo rangi inaweza kupotea hata kama hakuna tone la mafuta lililoguswa! Maziwa yasiyo na mafuta bado yana protini zake zote. Rangi ikipotea haraka humo pia, unachokiona si kazi ya lipesi. Ikikawia sana kuliko kwenye maziwa yenye mafuta, tofauti hiyo ndiyo unayoweza kuihesabia lipesi.

Na andika wazi kwenye ripoti yako lipesi imetoka wapi. Ya nguruwe inakaribiana sana na ya binadamu, na huruhusu hoja ya ulinganisho. Unga mwingine wa shule hutoka kwa kuvu, na huo una tabia zake, hasa ukifika kwenye nyongo. Usiandike "lipesi ya binadamu" kwa kitu kilichotoka kwenye chupa ya kuvu.

Pua nayo ni kifaa. Mafuta ya maziwa yana asidi ya butiriki, fupi na yenye harufu kali, ile harufu ya samli iliyoharibika. Neli yenye lipesi hai ikiachwa kwa muda, pitisha mkono juu ya mdomo wake upeleke hewa puani. Harufu itakueleza kwamba asidi za mafuta zimeachiwa.

Hatua ya 6: Kitendawili cha nyongo

Kwa kawaida neli yenye pankreatini na nyongo hupoteza rangi mapema zaidi. Mwanafunzi huandika: nyongo inavunja mafuta kuwa vitone vidogo, uso unakuwa mkubwa, lipesi inapata mahali pengi pa kukatia. Hiyo ni nusu ya habari.

Ukichukua lipesi ya kongosho iliyosafishwa kabisa, ukaitia kwenye mafuta yenye chumvi za nyongo nyingi, hufanya kazi vibaya. Chumvi za nyongo hujazana juu ya tone na kuibandua lipesi. Kinachoiokoa ni kolipesi, protini ndogo ya takribani daltoni 10,000 itokayo kwenye kongosho hilo hilo. Kolipesi hushika tone lililofunikwa na nyongo kwa upande mmoja, na lipesi kwa upande mwingine. Hutoka kwenye kongosho ikiwa bado haijakamilika, na tripsini huikata kipande kidogo utumboni ndipo ikawa tayari. Unga wa pankreatini unayo, kwa hiyo jaribio la shule hufanikiwa bila mtu kujua kwamba kuna mtu wa tatu kazini.

Ukitaka kuliona hili na una vifaa, nunua lipesi iliyosafishwa na kolipesi kwenye chupa tofauti, ufanye neli tatu: lipesi peke yake, lipesi na nyongo, lipesi na nyongo na kolipesi. Kwangu mimi hili ndilo jaribio zuri kuliko yote katika mada hii.

Hatua ya 7: Geuza rangi kuwa hesabu

Badala ya kusubiri rangi ipotee, irudishe. Tumia sodiamu haidroksidi 0.05 M kwenye sirinji iliyogawanywa vizuri. Kila rangi inapofifia, ongeza tone hadi waridi irudi, na uandike jumla baada ya dakika 10.

Tuseme umetumia 0.4 cm³. Kuzidisha 0.4 kwa 0.05 unapata milimoli 0.02, yaani mikromoli 20. Gawanya kwa dakika 10: mikromoli 2 kwa dakika. Yuniti moja ya lipesi ni kiasi kinachoachia mikromoli 1 ya asidi ya mafuta kwa dakika, kwa hiyo neli yako ina yuniti 2. Kabla ya kujivunia, toa kiasi ulichotumia kwenye neli ya maziwa yasiyo na mafuta.

Rudia kwa pH mbalimbali kama una mita ya pH. Lipesi ya kongosho hustawi kwenye alkali kidogo, karibu na pH 8. Binadamu ana lipesi nyingine ya tumboni, inayofanya kazi kwenye asidi na isiyohitaji kolipesi. Kimeng'enya kikikuonyesha nguvu kwenye pH 5 na kulala kwenye pH 8, umeshika kingine.

Hatua ya 8: Yaone mazao yenyewe

Mpaka hapa umethibitisha asidi. Bado hujathibitisha nafasi. Toa mafuta kwenye neli kwa kiyeyushi kinachofaa, uweke tone kwenye bamba la silika, ulisimamishe kwenye mchanganyiko wa heksani, daiethili etha na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 70:30:1, ndani ya kabati la kuvutia hewa, kisha ulifukize kwa mvuke wa iodini. Trigliseridi hupanda juu zaidi, asidi za mafuta hufuata, digliseridi (iliyobaki na asidi mbili) chini yake, na monogliseridi hubaki karibu na mstari wa kuanzia. Weka sampuli halisi za kila moja pembeni. Ukichukua tone kila dakika 5 utaona trigliseridi ikififia, digliseridi ikitokea kisha ikipungua, na monogliseridi ikijikusanya. Bamba la kawaida halitakutenganishia vizuri monogliseridi ya nafasi ya 2 na ya nafasi ya 1. Kwa hilo unahitaji silika iliyotiwa asidi ya boriki.

Hatua ya 9: Zuia, uone kama inasimama

Dawa ya orlistati, inayotumika kupunguza unene, hujifunga kwenye serini ile ile ya 152 kwa kifungo cha kemikali. Lipesi inakwama. Orlistati ikisimamisha utoaji wa asidi kwenye neli yako, huku neli ya lipesi iliyopata kiyeyushi cha dawa peke yake, bila orlistati, ikiendelea, umepata ushahidi kwamba kazi inafanywa na kimeng'enya cha serini. Inazuia pia lipesi ya tumboni, basi haikutenganishii hizo mbili; kazi hiyo waachie pH na kolipesi.

Hatua ya 10: Rudi mwilini

Miaka ya 1840 huko Ufaransa, mwanafiziolojia Claude Bernard aliwalisha sungura mafuta kisha akawapasua. Kwa sungura mfereji wa kongosho huingia utumboni mbali sana chini ya mfereji wa nyongo. Bernard aliona mishipa ya limfu imejaa weupe wa mafuta kuanzia pale kongosho lilipomimina majimaji yake, si pale nyongo ilipoingia. Mnyama mwenyewe alikuwa ameshapanga jaribio na ulinganisho wake.

Kwa binadamu ushahidi uko hospitalini. Kongosho likiharibika, iwe kwa uvimbe wa muda mrefu au ugonjwa wa kurithi, choo huwa kingi, cheupe na chenye mafuta yanayoelea, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri. Dalili hizi hutokea pale utoaji wa lipesi unaposhuka chini ya takribani asilimia 10 ya kawaida, kwa kuwa kongosho zima hutoa akiba kubwa. Mgonjwa hupewa pankreatini kwenye vidonge ambavyo punje zake zimefunikwa zisiyeyuke tumboni, kwa maana asidi ya tumbo huiua lipesi hii kabisa. Kipimo huandikwa kwa yuniti za lipesi, kwa makumi ya maelfu, na mgonjwa humeza pamoja na chakula, si kabla wala saa moja baadaye: lipesi lazima ifike utumboni wakati matone ya mafuta yenyewe yanafika.